Mnoa Visu na Nyumba ya Sultani

Hapo zamani, wakati makarani walikuwa bado wachache kuliko raia, palikuwa na mji uitwao Shakanga, nao ulitawaliwa na Sultani Ghalibu, mtu mpole, mcheshi, mwenye ndevu nzuri, asiye na kasoro isipokuwa moja: kitu kikishaingia mkononi mwake hakitoki. Si kwamba alikuwa mwizi, hasha. Angeweza kukuuzia kitu, akapokea thamani yake, akakushukuru kwa moyo mkunjufu, kisha akabaki nacho.

Basi katika mji huo alikuwapo mtu mmoja jina lake Vuai, mnoa visu, aliyezunguka mitaani na jiwe lake la kunolea begani. Watu walimwita mpumbavu, kwa sababu ukimpa neno alilifuata vile vile ulivyolisema. Siku moja mwenye duka la nguo alimwambia, "Kaa hapa mlangoni, usimruhusu mtu yeyote aingie," naye akakaa, na mwenye duka aliporudi akamzuia yeye pia, ikawa wanasukumana pale mpaka adhuhuri.

Vuai na mkewe Bi Mize na binti yao Zawena walikuwa wakikaa katika ghala ya papa mkavu, mali ya shemeji yake. Atakaye kujua harufu yake ilikuwaje na awaulize majirani. Wale waliolala ndani walikwisha izoea. Zawena alikuwa amechumbiwa na Faki, seremala wa milango, na mahari yalikwisha pokewa. Lakini kwa desturi ya Shakanga, bwana harusi huja kuingia nyumbani kwa kina bibi harusi, na hapo maharusi hukaa fungate, siku saba ndani kwa ndani. Sasa Faki angeingia wapi? Mama yake alikwisha tamka wazi kwamba mwanawe hataanza ndoa katikati ya papa, na kwamba mwezi wa Ramadhani, ambao watu hawafanyi harusi, ukiandama kabla nyumba haijapatikana, yeye atakwenda kuposa pengine.

Hapo Bi Mize akaliuza shamba la minazi alilorithi kwa baba yake, machozi yakimtoka, wakainunua kwa Sultani nyumba ya mawe aliyoirithi kwa marehemu shangazi yake. Ilikuwa Mfunguo Mosi, Ramadhani ndiyo kwanza imekwisha, na mwaka mzima uko mbele yao. Thamani ikapokewa na Sultani siku ile ile, bila kuchelewa hata kidogo. Nataka hilo lijulikane, maana ndilo jambo pekee lililokwenda mbio katika mambo yote haya. Vilivyobaki vilikuwa hati na ufunguo.

Vuai akaenda kwa karani wa hati. Karani akamwambia wino umekwisha. Wino ulipofika, karatasi zikaonekana zimeliwa na mchwa. Karatasi zilipofika, karani akawa anaumwa na kiwiko, na kiwiko cha karani, kama mjuavyo, hupona polepole kuliko viwiko vya watu. Hata ilipofika Mfunguo Nne hati ikaandikwa, Vuai akanyoosha mkono, na karani akairudisha nyuma.

"Bado nukta," akasema karani.

Siku hizo watu waliandika kwa herufi za Kiarabu, na herufi isiyo na nukta haijulikani kama ni be, ama te, ama nuni.

"Basi zitie, bwana," akasema Vuai.

"Mimi ni karani wa herufi. Nukta ni kazi ya karani wa nukta, naye amekwenda ukweni."

"Atarudi lini?"

"Mkewe amejifungua. Nadhani atarudi mtoto akianza kutambaa."

"Na mimi nikizipata nukta kwingine?"

Karani akacheka. "Sharia yasema, hati isiyo na nukta haipokelewi. Zimetoka wapi, hilo sharia haikusema. Chukua, ukazitafute."

Vuai akaichukua ile hati akaenda nayo sokoni kwa muuza asali, akamwomba aiache juu ya meza yake siku mbili. Mjuavyo nzi na asali, sina haja ya kueleza. Siku ya tatu hati ilikuwa na nukta juu, chini, kati na pembeni. Karani akaishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na pua, akaisoma toka mwanzo hadi mwisho, akaona yote yasomeka sawasawa isipokuwa mahali pawili ambapo nukta zimezidi. Na hata karani wa nukta mwenyewe alikuwa na tabia hiyo akishiba.

"Nani amezitia?"

"Walikuwa wengi, bwana, wala hawakudai ujira."

Hati ikapokewa, ikapelekwa kwa Waziri, na huko ikalala. Mfunguo Sita ikapita, na Mfunguo Saba, na Nane. Kila Vuai alipokwenda alimkuta Waziri anakula, au ametoka kula. Mwishowe akamkuta anajichokoa meno, na hilo halikuwa limekatazwa kuingiliwa.

"Nyumba ina majirani?" akauliza Waziri.

"Inao, bwana."

"Kwa sharia yetu, jirani ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuinunua. Kwa hiyo nyumba haihamishwi mpaka majirani wa pande zote nne watamke kuwa hawaitaki. Nenda kawaulize."

Vuai akaenda. Upande wa mashariki alikaa muuza kahawa, naye akasema haitaki, ina popo. Upande wa magharibi alikaa mjane mmoja, naye hakusema kitu mpaka Vuai alipomnolea visu vyake vyote na mbuzi yake ya kukunia nazi. Upande wa mbele ilikuwa njia ya watu wote. Akarudi kwa Waziri na habari hizo, moyo umemtulia.

"Na upande wa kibla?" akauliza Waziri.

"Kibla ni makaburini, bwana."

"Sikukuuliza wanafanya kazi gani. Wameitaka au hawakuitaka?"

Mtu mwingine angemrukia Waziri kooni. Vuai hakumrukia. Aliondoka pale, akafika ghalani akakaa chini kati ya vikapu, na Bi Mize alipomwuliza kumetokea nini, akamwambia, "Mke wangu, sasa natakiwa niwaulize marehemu." Bi Mize akamtazama sana, asijue amwonee huruma au amtie maji ya baridi kichwani.

Asubuhi yake Vuai akamwendea Kadhi wa mji, akamwomba afuatane naye makaburini pamoja na Waziri na mashahidi wawili. Walipofika akasimama katikati ya makaburi, akawasalimu wenyewe kama inavyopasa, kisha akanena kwa sauti kubwa, "Enyi majirani, nyumba hii nyuma yangu inauzwa. Mwaitaka?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Kimya. Mara ya tatu akalia kunguru mmoja juu ya mkungu, na Waziri akainua kidole kwamba hilo ni pingamizi, lakini Kadhi akamwambia kunguru hakuzikwa hapo.

"Bwana Kadhi," akasema Vuai, "mwezi uliopita ulimwoza binti wa muuza kahawa. Ulimwuliza mara ngapi kama ameridhia?"

"Mara tatu."

"Akajibu nini?"

"Hakujibu. Bikira huona haya. Akinyamaza huhesabiwa ameridhia."

"Na ukamwoza."

"Nikamwoza, na pilau nikala."

"Basi na hawa?"

Kadhi akajikuna chini ya kilemba muda mrefu. Akayatazama makaburi, akamtazama Waziri, akaona akiwakataa hawa itambidi avunje ndoa zote alizofungisha tangu ujana wake. Akasema, "Hawa wamenyamaza kuliko yule. Yule alikuwa akicheka ndani ya shela." Akaandika kwenye hati kwamba wameridhia, akamkabidhi Vuai.

Hapo ilikuwa Rajabu imekwisha, na Shaabani imeandama. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, muhuri wa Sultani, na bila muhuri huo hakuna karatasi iliyokuwa na nguvu Shakanga. Hata askari hawakuweza kumtoa mtu nyumbani ama kumweka mtu ndani bila kuuona. Sultani hakumwamini mtu nao. Aliuweka chumbani mwake chini ya mto.

Vuai akahudhuria barazani, akapiga magoti. Sultani akampokea kwa bashasha, akamwuliza hali, akamwuliza watoto, akasema, "Muhuri uko ndani. Njoo kesho." Kesho yake akasema muhuri umesafishwa haujakauka. Siku ya tatu akasema alikuwa amelala akamwota shangazi yake, na haingekuwa adabu. Na haya yote aliyasema kwa upendo, akimshika Vuai bega, kwa sababu kweli aliipenda ile nyumba, na thamani yake pia aliipenda, na kuachana na kimojawapo kulimwuma kama kung'olewa jino.

Shaabani ikafika katikati. Mama yake Faki akaja mwenyewe mpaka ghalani, akasimama nje, amejiziba pua kwa ukaya wake wa kichwani, akasema atangoja mpaka Ijumaa ya wiki ile inayofuata, na baada ya hapo asilaumiwe. Zawena hakulia. Alikaa akichagua mchele uliokwisha chaguliwa, akiusogeza punje kwa punje upande huu na upande ule, na Vuai alipomwona hivyo alitamani heri angelia.

Siku ya pili yake, mbele ya baraza zima, Vuai akanena, "Maulana, binti yangu ataharibikiwa na harusi. Sina pa kumwozea."

Sultani akaingiwa na huruma ya kweli. Akamwambia kwa maneno mazuri, kama watu waungwana wasemavyo, "Vuai, usihuzunike. Mpaka hati yako itoke, nyumba yangu hii ihesabu kuwa ni nyumba yako."

Waliohudhuria wakaguna kwa kusifu ukarimu huo.

"Mbele ya mashahidi hawa, Maulana?"

"Mbele ya mashahidi hawa," akasema Sultani, na alasiri akapanda punda akaenda shambani kwake kupumzika siku nne, maana huruma humchosha mtu.

Vuai akarudi ghalani akamwambia Bi Mize, "Funga vyombo. Tunahamia nyumbani."

Kesho yake asubuhi mlangoni pa jumba la Sultani likatokea rikwama, na juu yake vitanda viwili, masufuria, mikeka, jiwe la kunolea, na Bi Mize ameketi kileleni ameshika karai. Waziri akatoka mbio, kitambaa cha kulia bado kifuani.

"Mnakwenda wapi?"

"Tumefika," akasema Vuai.

"Yale yalikuwa maneno tu! Yamesemwa, hayakuandikwa!"

"Kuyaandika huchukua siku ngapi, bwana?"

Waziri akafikiri wino, akafikiri karatasi, akafikiri karani wa nukta aliyekuwa bado ukweni, akafunga mdomo. Katika kelele hizo akatokea Bi Mkubwa Mwana Shali, mama yake Sultani, mwanamke wa makamo ya juu ambaye jumba lake lilikuwa halijasikia vigelegele kwa miaka mingi, na jambo hilo lilimkera. Akauliza kama mwanawe ametamka ama hakutamka. Waziri akasema ametamka, ila. Bi Mkubwa akamwambia, "Hiyo 'ila' kaitie nukta," akamshika Zawena mkono, akamwingiza ndani. Akazunguka vyumba vyote akitafuta kilicho kizuri cha kumweka mwali, akaona kimoja tu kisichovuja, nacho ni chumba cha mwanawe.

Basi harusi ikawa. Kadhi akamwuliza Zawena mara tatu, naye mara ya kwanza tu akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka uani kwamba ameridhia, na Kadhi akashtuka, maana hakuzoea. Faki akaletwa kwa matari. Mama yake akaingia jumbani akanusa huku na huku, asinuse papa, akanyamaza kwa heshima. Mlango ukafungwa, na fungate ikaanza.

Sultani aliporudi alikuta uwanja wake umejaa wanawake wanaopepeta mchele, akapenya katikati yao na viatu vyenye vumbi, akafika mlangoni pa chumba chake, na pale akamkuta mama yake amekaa juu ya kigoda.

"Ghalibu, unakwenda wapi na viatu? Huoni kama pana mwali?"

"Mama, hiki ni chumba changu. Nataka kubadili kanzu."

"Kesho," akasema Bi Mkubwa.

Sultani akatoka mpaka kwa askari wake, akawaamuru wawatoe watu wote hao. Mkuu wa askari akapiga saluti akasema yuko tayari, akinyoosha kiganja kupokea karatasi yenye muhuri.

"Muhuri uko chumbani chini ya mto," akasema Sultani.

"Basi tutangoja utoke, Maulana. Ni amri yako mwenyewe."

Sultani akarudi kwa mama yake, akamwomba ampatie muhuri tu, chapuchapu. Mama yake akasema maharusi wanakula. Baadaye akasema wanapumzika. Asubuhi yake akasema mwali anasingwa mwili kwa manukato, na je, yeye alikuwa mtoto wa nani asiyejua adabu. Ikawa siku mbili Sultani wa Shakanga ameketi kwenye baraza ya nje kwa kanzu ile ile ya safari, na waliokuja kumshitakia mambo yao wakampita bila kumtambua, mmoja akamwuliza kama yeye pia amekuja kwa ajili ya hati.

Siku ya tatu Vuai akatoka ndani na sahani ya halua, akaketi karibu yake. "Iliki imezidi," akasema. "Nimemwambia mpishi."

"Vuai, utaondoka lini?"

"Mimi, Maulana? Hata sasa hivi, ukitaka. Lakini mwali yuko nyumbani kwa baba yake, na desturi haimtoi."

"Hapa ndipo nyumbani kwa baba yake?"

"Kwa neno lako mwenyewe. Mpaka hati itoke."

Sultani akala kipande cha halua, akaona kweli iliki imezidi. "Hakuna njia yoyote?"

"Iko moja. Maharusi waweza kuhamishwa kwa ngoma katikati ya fungate, ikiwa baba ana nyumba nyingine. Bahati mbaya mimi sina."

Sultani akainua macho. Akayatazama makundi ya watu uwanjani kwake, na makaratasi yaliyochakaa mikononi mwao, wengine wameyazungushia vitambaa ili yasizidi kuraruka. Kisha akasema, "Hebu ilete hiyo hati."

Vuai akaitoa kifuani. Wakaenda pamoja mpaka mlangoni pa chumba, na Sultani akapiga magoti juu ya sakafu yake mwenyewe, akaisukuma hati kupitia chini ya mlango, akasema kwa sauti ya kuomba, "Mwanangu Zawena, chini ya mto upo muhuri. Nifanyie hisani, uipigie karatasi hiyo."

Ndani wakasikika watu wananong'ona, mto ukatupwa, kitu kikagonga sakafu kwa kishindo. Hati ikarudi. Muhuri ulikuwa umekaa katikati, umekolea, umezama kwenye karatasi mpaka upande wa pili; huo haukuwa mkono wa mtu mwenye shaka.

Sultani akaiokota, akampa Vuai. Vuai akaishika. Lakini vidole vya Sultani havikuachia. Vuai akavuta kidogo kwa adabu. Sultani naye akavuta, huku akitabasamu na jasho linamtoka, kama mtu anayesema chukua na mkono hausikii. Wakasimama hivyo, hati imetanda kati yao, na watu wote uwanjani wakaacha kupepeta.

"Ghalibu," akasema mama yake kutoka kwenye kigoda, taratibu. "Mwachie, mwanangu."

Vidole vikaachia kimoja kimoja. Sultani akautazama mkono wake mtupu, akaugeuza juu na chini, akaona hauna jeraha. Na hapo akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akalazimika kuushika ukuta, akasema, "Kumbe hakuumi!" Akauliza wale wengine uwanjani wanangoja nini, akaagiza walete makaratasi yao, na siku ile makaratasi yakapita chini ya mlango kwenda kupigwa muhuri mara nyingi hata Faki akadai atafutiwe mto mwingine wa kulalia, huu umejaa wino.

Alasiri Vuai akakabidhiwa ufunguo, na maharusi wakahamishwa kwa ngoma na tarumbeta mpaka nyumba ya mawe. Popo wakatoka wote kwa pamoja, wakaona wamezidiwa. Bi Mize akashika ufagio, Zawena akaingizwa chumba cha ndani kumalizia siku zake saba, na Vuai akabaki sebuleni peke yake, anapapasa kuta, anafungua mlango na kuufunga tena bila sababu. Mwaka mzima alioishi ghalani kwa shemeji hakuwahi kujibu mtu aliyebisha, kwa kuwa mlango haukuwa wake kujibia.

Mara akasikia nje, "Hodi."

Akachungulia. Ni Sultani Ghalibu, amebadili kanzu, mkononi ana mkufu wa dhahabu wa marehemu shangazi yake kwa ajili ya Zawena, na safari hii ameushika kwa vidole vilivyolegea.

Vuai hakujibu. Akafunga mlango vizuri, akasimama nyuma yake.

"Hodi," akasema Sultani tena, na wapita njia wakasimama kusikiliza.

Vuai akafumba macho. Bi Mize akamwashiria kwa ufagio amjibu upesi, huyo ni Sultani, naye akamwashiria angoje.

"Hodi hapa kwa Vuai," akasema Sultani mara ya tatu.

"Karibu," akasema Vuai, akaufungua mlango wazi. "Karibu ndani, Maulana. Karibu nyumbani kwangu."

Nami hekaya yangu nimeifikisha mlangoni. Aliyebisha amefunguliwa, na mimi narudi kwangu.